Wati Ngapi Zinatosha Nyumbani? Mjadala wa Mpiga Besi Rudewa

Mpunga umeuzwa, hela ipo, na kijana anayepiga besi kwenye kwaya hapa Rudewa anataka kununua amplifaya yake mwenyewe. Gitaa analo, la nyuzi nne, alilipata kwa mtu aliyelitumia kabla yake. Asichonacho ni sauti. Vyombo vya kanisa hufungiwa stoo baada ya ibada, hufunguliwa siku ya mazoezi, na siku zote za katikati kijana hupiga gitaa la umeme lisilochomekwa popote, kidevu amekilaza juu ya mbao yake ili mtetemo umfikie kwa kupitia mfupa.

Swali lake linaonekana dogo: amplifaya gani na spika gani vinamfaa mtu anayepigia chumbani? Kwangu si dogo hata kidogo. Mpiga solo anaweza kujifunza kwa gitaa kavu chini ya mwembe na kila kitu kikasikika. Besi isiyo na spika haimfundishi mtu. Ndiyo maana nimezikusanya barazani sauti za watu ambao swali hili linawagusa katika mji kama huu, ulio kando ya barabara ya kutoka Dumila kwenda Kilosa, wenye mpunga upande huu na mkonge upande ule. Majina sikuyaweka, kila mmoja nimemwita kwa nafasi yake. Sauti nimezipanga mimi, lakini hoja ni zile zile zinazozuka kila swali hili linapoulizwa.

KIJANA: Shikamooni wazee.

MZEE: Marahaba, mwanangu. Kaa, sema shida yako.

KIJANA: Mjini Morogoro nimeiona sabufa, boksi lake limeandikwa wati 10,000. Duka hilo hilo lina amplifaya ya gitaa la besi, imeandikwa wati 25, na bei yake inazidi ya sabufa. Ninachouliza ni hiki: nilipe zaidi ili nipate kidogo?

FUNDI: Hizo elfu kumi ziko kwenye boksi la karatasi, mdogo wangu, hazimo ndani ya chombo. Igeuze sabufa nyuma, soma kibandiko kilicho karibu na waya wa umeme. Utakuta inakula wati 40, pengine 60. Chombo hakiwezi kutoa wati nyingi kuliko kinazovuta ukutani. Sabufa nyingi za bei ndogo ukizifungua unakuta chipu ya TDA2030, moja au mbili au tatu, na kila moja inatoa wati 14 hivi, ikibanwa sana 18. Ile namba kubwa wanaiita PMPO, ni kishindo cha kufumba na kufumbua, na kila kiwanda kinaihesabu kinavyotaka. Wewe tafuta wati za mfululizo, zinazoandikwa RMS. Zile 25 za amplifaya ya besi ni za aina hiyo.

MWALIMU WA KWAYA: Hata kama ni za kweli, bado 25 ni chache. Huyu kijana si wa chumbani tu. Leo tuna harusi hapa Batini, kesho msiba Gongoni, mwezi ujao tumealikwa Mikumi. Mimi ningemwambia anunue kubwa, wati 300, akiwa nyumbani apunguze. Kubwa inapunguzika. Ndogo ukiilazimisha inakoroma.

Hoja ya mwalimu ina nguvu, na sitaki ipite kama kitu chepesi. Amplifaya kubwa kweli inapunguzika, na zile za kisasa zinazofanya kazi kwa kuwasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa zimekuwa nyepesi kiasi kwamba wati 300 hubebwa kwa mkono mmoja. Mtu mwenye hela ya kutosha vyote viwili, amplifaya kubwa na spika nzuri, hana haja ya kusoma zaidi ya hapa. Lakini hela ya kijana imo katika mfuko mmoja. Kila shilingi inayokwenda kwenye wati asizozitumia inatoka kwenye spika atakayoisikiliza kila siku. Hapo ndipo nilipomwomba fundi atupigie hesabu.

FUNDI: Wati na sauti si kitu kimoja. Ukizidisha wati mara mbili, sauti inaongezeka desibeli 3, na sikio linaona tofauti ndogo tu. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa mara mbili, unahitaji wati mara kumi. Maana yake, wati 100 inasikika kama mara mbili ya wati 10, basi.

KIJANA: Mara mbili tu?

FUNDI: Mara mbili tu. Sasa njoo kwenye spika. Kila spika ina kipimo chake: ukiipa wati 1 na ukasimama mita 1 mbele yake, inatoa desibeli ngapi? Spika ya inchi 12 iliyotengenezwa kwa ajili ya muziki wa jukwaani inafika 95 au zaidi. Spika ndogo ya sabufa, yenye karatasi nzito na mpira laini pembeni, iko kwenye 85 hivi. Tofauti ni desibeli 10. Kwa hiyo spika ile ya kwanza ukiipa wati 10, inalingana na hii ya pili iliyopewa wati 100. Kijana ameongeza wati 90 bila kununua hata moja. Amenunua spika.

Nimeikariri hesabu hiyo mara nyingi tangu nilipoielewa, kwa sababu inageuza swali lenyewe. Mnunuzi wa kwanza huuliza wati. Angeuliza kipimo cha spika, duka zima lingemwonekania tofauti. Na haya hayakuanza leo. Mtengenezaji wa magitaa Leo Fender alipouza gitaa la besi la umeme lenye vituo shingoni, mwaka 1951, amplifaya aliyoitoa mwaka uliofuata ili iende nalo, Bassman, ilikuwa na wati zisizofika 30 na spika moja ya inchi 15. Mwaka 1960 kampuni ya Ampeg ikatoa B-15, wati 25, spika moja ya inchi 15, na chombo hicho ndicho kilichozoeleka mikononi mwa James Jamerson, mpiga besi wa studio za Motown kule Detroit. Besi iliyochezesha watu enzi hizo ilipigwa kwa wati ambazo sisi leo tunaziona aibu.

MZEE: Ngoja na mimi niseme, maana nyinyi mnaongelea kuchagua. Sisi hatukuchagua. Nilipokuwa napiga besi, bendi yetu ilizunguka mashamba ya mkonge mwisho wa mwezi, watu wakishapokea mshahara. Rudewa, Kimamba, hadi Kilosa mjini. Gitaa halikuwa langu. Amplifaya haikuwa yangu. Vilikuwa vya mwenye bendi. Dansi likiisha, vinapakiwa, vinafungiwa kwake, mimi narudi nyumbani mikono mitupu. Mazoezi ya nyumbani niliyafanya kwa gitaa kavu, galatoni iliyobaki na nyuzi nne. Nilijua vidole viende wapi, lakini sauti yangu mwenyewe sikuijua mpaka nipande jukwaani.

MAMA: Ndiyo maana ukawa unapiga kwa nguvu hivyo.

MZEE: Ndiyo maana, mama. Mkono uliozoea kupiga pasipo kusikika hauna adabu.

Anayoyasema mzee yalikuwa ya nchi nzima. Morogoro ilikuwa na bendi ambazo Afrika Mashariki yote ilizijua: Morogoro Jazz iliyoanzishwa mwaka 1944, Cuban Marimba ya Salum Abdallah aliyefariki mwaka 1965, na baadaye Mbaraka Mwinshehe, ambaye Morogoro Jazz ilikwenda naye hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970. Dar es Salaam ilikuwa na NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi. Karibu kote huko vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, awe mtu, chama au shirika. Mwanamuziki aliyehama aliondoka na vidole vyake tu. Kijana wa kijijini mwenye gitaa lake, amplifaya yake na boksi lake ni jambo ambalo wale wakubwa wengi hawakulipata katika umri wake, na ndiyo sababu naona ni wajibu wetu kumsaidia asikosee.

KIJANA: Mzee, sasa nyimbo zile mlizijifunzaje, kama hata besi hamkuisikia nyumbani?

MZEE: Redioni. Redio ya betri, spika yake kama kiganja changu. Na besi ilisikika! Nilikuwa nafuata noti moja moja.

MWALIMU WA KWAYA: Basi hapo si umejibu? Kama spika ya kiganja inatosha, haya mambo ya inchi 12 ya nini?

FUNDI: Hapana, mwalimu, hapo kuna ujanja wa sikio. Uzi mnene wa besi, ule wa E, ukiupiga wazi unatetemeka mara 41 kwa sekunde. Spika ya kiganja haiwezi kutoa hiyo 41 kwa kiwango cha kusikika. Lakini uzi hautoi 41 peke yake. Unatoa na 82, na 123, na 164, zote kwa pamoja. Spika ndogo inatoa hizo za juu, na ubongo unajaza ile ya chini isiyokuwapo. Mzee alisikia noti ya kweli. Hakusikia uzito wake. Kwa kufuata wimbo inatosha. Kwa mtu anayejifunza kukamata noti na kuizima kwa wakati wake, haitoshi.

KIJANA: Kwa nini spika ndogo ishindwe? Si inatikisika tu?

FUNDI: Inatikisika, lakini haina hewa ya kusukuma. Ukishuka oktavu moja chini na unataka sauti ibaki vile vile, karatasi ya spika lazima iende mbele na nyuma mara nne zaidi. Spika ya inchi 12 ina eneo mara nne ya inchi 6. Kwa hiyo ile ndogo inapaswa kuruka mara nne ya kubwa ili zilingane. Hairuki. Inagonga mwisho wake, na hapo ndipo unaposikia ule mlio wa kupasuka.

Kijana aliuliza basi kama sabufa haiwezi kugeuzwa amplifaya ya besi, kwa kuwa ipo kila nyumba ya pili. Swali hili huulizwa sana, na mafundi wengine hukubali kazi hiyo. Fundi wetu hakuikataa moja kwa moja.

FUNDI: Inawezekana ukikwama kabisa, lakini ujue unachokipata. Kwanza, gitaa la besi lisilo na betri ndani linatoa ishara dhaifu, na linataka kuchomekwa mahali penye ukinzani mkubwa, omu milioni moja hivi. Tundu la nyuma la sabufa lina elfu kumi, au elfu hamsini. Ukichomeka moja kwa moja, sauti inakuja imezimia, imepoteza ung'avu wote. Lazima katikati uweke priampu, kifaa cha kuikuza ishara kwanza. Naweza kukuundia moja ya betri ya volti 9. Pili, spika kubwa ya sabufa inazuiwa isitoe chochote juu ya 150 hivi, kwa hiyo vidole havisikiki, unasikia mngurumo tu. Tatu, boksi lake lina tundu la kutolea upepo, limepimwa kwa ajili ya muziki uliorekodiwa. Chini ya kiwango cha lile tundu, karatasi ya spika inakosa hewa ya kuizuia. Ukipiga E kwa nguvu inapepea kama kitambaa. Miezi michache unaniletea niibadilishe.

MZEE: Na mimi sitaki aanze na mngurumo. Sikio likizoea mngurumo halitoki huko.

Hapa mama, ambaye muda wote alikuwa anachambua mchele pembeni, aliweka ungo chini.

MAMA: Nyinyi mnaongea kama nyumba ni ya besi. Nyumba ni yangu. Jana huyu kijana aliazima chombo cha kanisani akakileta hapa, akapiga ile noti yake nene, sahani zikaanza kulia kabatini, na bati la juu likawa linaitikia. Jirani ana mtoto wa wiki tatu. Niambieni, mnanunua sauti, nani anashughulikia ukuta?

Kimya kilipita. Wanaume wanne walikuwa wamebishana muda wote huo na hakuna aliyegusa jambo hilo, ingawa ndilo la kwanza kwa yeyote anayepigia nyumbani.

FUNDI: Mama, nikuambie kweli. Sauti ile ya 41 urefu wa wimbi lake ni mita 8 na zaidi. Ni refu kuliko chumba chako. Godoro ukutani halilizuii, pazia halilizuii. Na nyumba zetu nyingi ukuta haufiki kwenye bati, hakuna dari, upenyo uko wazi toka chumba hadi chumba. Sauti nyembamba ya solo unaweza kuizuia kwa mlango. Besi inapita juu.

MAMA: Basi hakuna dawa.

FUNDI: Dawa ipo, lakini haiko ukutani. Iko kwenye umbali. Boksi likiwa chini miguuni, linapiga vifundo vya miguu, masikio yako juu hayapati kitu, unaongeza sauti. Liweke juu ya kiti au stuli, likutazame usoni, ukae mita moja. Utajisikia vizuri kwa sauti ya chini sana, na jirani aliye mita kumi anapata mabaki. Halafu kona. Ukiliweka boksi konani, kuta mbili na sakafu zinarudisha besi, inakuwa nene bila kuongeza wati. Ukiona bati limeanza kuitikia, litoe konani. Mara nyingi noti inayoliamsha bati ni moja au mbili tu, siyo zote. Zijue, ukizifikia gusa taratibu.

MWALIMU WA KWAYA: Na kuna hedifoni. Amplifaya nyingi ndogo za besi zina tundu la hedifoni. Ukichomeka, spika inanyamaza. Usiku asome noti zake kwa hedifoni.

MAMA: Hapo mmenifurahisha. Saa mbili usiku ikipita, ni hiyo hedifoni. Mchana mtoto wa jirani akiwa amelala, ni hiyo hiyo. Jioni kabla ya chakula, piga spika yako.

Ratiba ya mama nimeiandika kama alivyoitoa, kwa sababu ni sehemu ya uchaguzi wa chombo. Amplifaya isiyo na tundu la hedifoni haifai nyumba yenye watu, hata ikiwa na sifa nyingine zote. Tena kuna jambo la sikio ambalo mpiga besi wa nyumbani lazima alijue mapema: kwa sauti ya chini, sikio la binadamu ni zito sana kwa noti nene. Sauti inayotetemeka mara 40 kwa sekunde inahitaji zaidi ya desibeli 40 za ziada ili isikike sawa na sauti ya katikati inayosikika kwa utulivu. Kwa hiyo ukipunguza, besi ndiyo ya kwanza kuyeyuka, na utadhani chombo ni kibovu. Si kibovu. Tafuta amplifaya yenye vidhibiti vya sauti nene, ya kati na nyembamba, uongeze kidogo ile ya kati. Noti itaonekana bila kutikisa sahani za mtu.

Baadaye tulihamia kwenye ukubwa wa spika na boksi lake, na hapo mzee na fundi hawakuelewana. Mzee anataka inchi 15, kama zile za zamani. Anasema inchi 12 ni ya solo. Fundi anasema inchi 15 ni kubwa kwa chumba na boksi lake halitapita mlangoni wala kubebeka kwa baiskeli.

FUNDI: Spika nunua ya dukani, mpya, hata ikibidi iagizwe Kariakoo. Sumaku na koili huwezi kubahatisha. Boksi atengeneze seremala wa hapa. Plaiwudi ya milimita 18, siyo ile mbao ya unga uliogandishwa; masika ikifika inavimba kama andazi. Mninga ni mzuri lakini utashindwa kuubeba. Urefu sentimita 50, upana 40, kina 35. Ndani unapata karibu lita 50, yaani ndoo mbili na nusu. Lifungwe lote, lisiwe na tundu. Boksi lililofungwa linapunguza noti nene taratibu, pole pole, na linaishika karatasi ya spika isiruke. Lile lenye tundu linatoa besi nyingi hadi mahali fulani, halafu linaanguka ghafla. Kwa anayejifunza, lililofungwa. Gundi kila kiungio, skrubu kila sentimita 10, upepo usipite hata kidogo.

MZEE: Na ndani unaweka nini?

FUNDI: Watu hununua pamba maalumu. Hapa tuna sufi, ile ya kujazia mito. Na tuna mkonge. Nyuzi za mkonge zilizochambuliwa, ukizitandaza ukutani mwa boksi na kuzibana kwa wavu, zinakula ile sauti ya kati inayorudi nyuma ya spika. Besi yenyewe haziigusi, lakini sauti inakuwa safi. Funga vizuri tu, panya wasipate njia.

Nilipenda wazo hilo. Mkonge ambao ulimleta mzee na bendi yake mashambani kila mwisho wa mwezi unaweza kulala ndani ya boksi la kijana.

Kuhusu inchi 15 au 12, mimi niko na fundi. Sababu si ukubwa wa mlango. Kwa wati 20 na chumba cha hatua nne kwa tatu, inchi 12 yenye kipimo cha desibeli 95 inatosha, na inabebeka hadi mazoezini. Mzee bado hajakubali, na simlazimishi.

MWALIMU WA KWAYA: Narudi kwenye langu. Akialikwa nje atafanyaje na wati 20?

FUNDI: Nje anatumia vyombo vya kanisa. Amplifaya yake iwe na tundu la kutoa ishara kwenda kwenye miksa. Yeye anajisikia kwa boksi lake, watu wanamsikia kwa spika kubwa. Na siku akipata hela nyingine, boksi halitupwi. Leo anunue spika ya omu 8, inayohimili wati 150 au 200. Amplifaya ya wati 20 haiwezi kuiunguza; hata ukiikoromesha mpaka mwisho, kile inachotoa hakizidi mara mbili ya wati zake, ni 40. Mwakani anaongeza amplifaya ya wati 150, boksi ni lile lile. Akitaka kuongeza la pili, la omu 8 pia: mawili kwa pamoja yanakuwa omu 4, na amplifaya nyingi zinakubali 4. Yakiwa ya omu 4 mawili, inakuwa 2, na hapo wengi wanaunguza.

MWALIMU WA KWAYA: Hapo nimekuelewa. Spika ikae, amplifaya ibadilike.

KIJANA: Na umeme ukikatika?

FUNDI: Ndiyo raha ya kuwa na wati chache. Betri ya volti 12 na kibodi kidogo cha amplifaya vinatoa wati 18 kwenye spika ya omu 4, au 9 kwenye omu 8. Kwa spika ile ya desibeli 95, hizo 9 zinampigia vizuri chumbani. Hata betri ndogo ya saa-ampea 7, ukitumia nusu yake tu ili usiiue, kwa sauti ya mazoezi inakupeleka jioni nzima. Wati 300 huwezi kuzilisha kwa sola ndogo ya nyumbani.

Mjadala ulikuwa umechukua muda mrefu, na mchele wa mama ulikuwa umekwisha kuchambuliwa. Kijana aliomba aambiwe anunue nini. Kila mtu alimtazama mwenzake, kwa hiyo nikasema langu, na hapa nalirudia bila kulipunguza.

Gawa hela yako mafungu matatu. Fungu kubwa kuliko yote liende kwenye spika moja ya inchi 12, omu 8, yenye kipimo kisichopungua desibeli 95. La pili liende kwenye amplifaya ndogo ya besi ya wati 20 hadi 30 za mfululizo, yenye tundu la hedifoni, vidhibiti vitatu vya sauti na njia ya kwenda kwenye miksa. La tatu ni la seremala, plaiwudi na gundi. Ukikuta amplifaya iliyokwisha kuungwa na spika yake katika boksi moja na spika hiyo ni ya inchi 8, itakufaa kuanzia, ila hakikisha ina tundu la spika ya nje ili boksi lako liungwe baadaye. Sabufa iache iendelee kupiga taarifa ya habari.

Nawe msomaji, kama uko Rudewa, Kilosa au mahali pengine popote unakofikiria kununua, usiende dukani mikono mitupu. Beba gitaa lako mwenyewe. Muombe muuzaji azime muziki wake, uchomeke, ushushe sauti hadi kiwango cha watu wawili wanaoongea, kisha upige uzi wa E peke yake, wazi, na uuache ufe wenyewe. Kama kwa sauti hiyo hukuusikia, rudisha hela mfukoni.